Injini Isiyosaga Mahindi

Fedheha iliyonipata Jumapili alasiri, katika ua wa nyumba tunayopanga hapa Umoja, Nairobi, bado inanichoma mashavu, maana haikunikuta faraghani bali mbele ya wapangaji wa ghorofa zote, waliokuwa wameinamia vyuma vya baraza zao wakiitazama injini yangu ya petroli, yenye kimo cha shibiri moja, niliyoikereza na kuipiga tupa usiku baada ya usiku ilhali wenzangu wamelala. Niliizungushia kamba flaiwili, nikapiga bismillahi, nikavuta. Injini ikakohoa mara moja, ikazunguka kinyumenyume, ikaninyang'anya kamba, ikatema kwa njia ya kabureta ulimi wa moto ulioramba pindo la joho jeupe la kwaya lililoanikwa karibu, kisha ikanyamaza kwa adabu.

Mwenye joho alitoka chumbani mwake wala hakupaza sauti, jambo lililonitisha zaidi.

"Kwani fundi, hii kitu yako inafanyanga nini? Inasaga mahindi?"

"Haisagi, mama."

"Inapandisha maji kwa tangi?"

"Inazunguka tu."

"Inazunguka tu!" akarudia, akiwageukia walioko juu, nao wakacheka ghorofa kwa ghorofa mpaka kicheko kikafika kwenye tangi lenyewe, ambalo, kama ada yake, lilikuwa tupu.

Lau angenipa muhula wa kumweleza, huenda angesamehe nusu ya joho. Pistoni hushuka ikavuta hewa na mvuke wa petroli, hupanda ikavibana, cheche huviwasha, mlipuko huisukuma chini, kisha hupanda tena kufukuza moshi. Miendo minne, na mmoja tu kati yake ndio wenye kazi, mitatu iliyosalia ikibebwa na uzito wa flaiwili. Sasa cheche haitolewi pistoni ikiwa kileleni, bali kabla kidogo, kwa sababu moto nao huhitaji muda wa kuenea. Injini ikienda kasi, haraka hiyo ni hekima. Ikivutwa polepole kwa mkono wa binadamu, gesi hupanuka pistoni ingali njiani kupanda, ikairudisha ilikotoka. Na injini ikishageuzwa hivyo, mpangilio wote wa miendo hupinduka: valvu ya kuingizia hewa, ambayo ingefunguka pistoni ikishuka, hufunguka ikipanda, na moto uliokusudiwa kutoka kwa njia ya ekzosi hutokea mlangoni mwa kabureta, ukiwa bado hai. Naungama kwamba hata nilipokuwa nikililowesha joho maji, moyo wangu ulikuwa ukistaajabia jinsi mambo yalivyofuatana kwa nidhamu.

Wengi hudhani kitu kikiwa kidogo huwa chepesi kuunda. Kumbe, ukipunguza vipimo vyote kwa nusu, eneo la kuta za silinda hubaki robo lakini ujazo wake hubaki thumuni, na kwa hiyo joto lenyewe haba hukuta kuta ambazo, kwa kadiri yake, ni pana maradufu, zikalifyonza kabla halijafanya kazi. Matone ya petroli nayo hayana habari kwamba injini imepunguzwa, hubaki na ukubwa wake uleule. Na mwanya kati ya pistoni na silinda huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita: ukizidi, mgandamizo hupotea, ukipungua, pistoni hukwama ikikataa rai yoyote.

Aliyeiunda injini ya miendo minne kama hii ikafanya kazi, mwaka 1876, alikuwa Mjerumani Nikolaus Otto, ambaye hapo kwanza alikuwa mchuuzi wa kuzungukazunguka na bidhaa kama chai na sukari, hana shahada ya uhandisi. Miaka kumi baadaye hataza yake ilibatilishwa mahakamani, kwa kuwa Mfaransa mmoja, Beau de Rochas, alikwisha kuieleza kanuni hiyo katika karatasi za mwaka 1862. Mfaransa huyo hakuwa ameunda hata ringi moja. Karatasi ikakishinda chuma.

Nami hapa masihara yananiishia, kwani fundi aliyenisubia kasha la kranki na kunichongea silinda huko Kariobangi, kwa kuyeyusha pistoni kuukuu (madini ya sufuria, aliniambia, ni laini mno), hupima kwa kucha ya kidole gumba na kwa sikio, na nilipozikagua kazi zake kwa maikromita sikuwa na la kusema. Mtu huyo alipeleka maombi ya zabuni ya vipuri katika ofisi fulani, akaulizwa cheti. Akasema anayo karakana, akaulizwa cheti. Zabuni ikapewa mwagizaji aliyevileta kutoka ng'ambo, na vilipovunjika vikapelekwa, kwa mlango wa nyuma, vikatengenezwe na yeye yule asiye na cheti. Sioni cha kucheka hapo.

Mzee wa chumba cha kwanza alinijia jioni kunipa pole. "Usijali, kijana. Hata Nyayo Pioneer tuliiona." Alikuwa akikumbuka gari ambalo Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiliunde, likazinduliwa kwa shangwe Kasarani mwaka 1990, lisifike sokoni kamwe. Alikusudia kunifariji, nadhani.

Masaibu mengine hayana uzito. Stima ilipotea keekee ikiwa ndani ya chuma. Springi ya valvu iliruka dirishani ikaonekana katika sukuma wiki ya jirani, aliyenirudishia bila kuuliza.

Joho nimelilipa, kwa bei iliyoipita ya silinda, na fundi wa Kariobangi amekwisha kunipa dawa: cheche icheleweshwe wakati wa kuwasha, kisha irudishwe mbele injini ikishika kasi. Kilichobaki ni mahali pa kuijaribu dawa hiyo, kwa maana keateka wa nyumba amebandika tangazo langoni linaloharimisha uani kuchinja mbuzi, kuosha mikokoteni na "kuwasha injini ya kuchezea". Aliyelitia saini ni yeye mwenyewe, ambaye hana hata kalamu, lakini lina mhuri.