Sifa za Resista Iliyoungua

Kazi ya resista ni kukataa. Umeme unakuja kwa pupa, yenyewe inaubania njia, na ghadhabu ya ugomvi huo wote inaimeza mwilini na kuitoa kama joto. Haiimbi wala haimuliki. Ingekuwa binadamu, ingekuwa yule mhasibu wa chama cha msingi ambaye mkulima wa kahawa akimuuliza malipo, jibu ni "bado".

Yangu iliungua masika, ndani ya amplifaya ya redio ya ridhaa, hapa Mbinga. Zilikuwa nane, kila moja imepanda mgongoni mwa kapasita yake. Humo zinagawanywa volti 2,500: kila kapasita inapata kama 312, na resista ya omu 47,000 inasimamia asipunjwe mtu. Kwa usimamizi huo inatoa joto la wati 2 muda wote mashine inapowaka, mwenye mashine awe anaongea au anakoroma. Ukizima, ndiyo hiyo hiyo inayomwaga chaji iliyobaki. Ikifa, kapasita yake inakaa na chaji kimya, ikikusubiri uingize kidole. Ni marehemu gani mwingine anayeendelea kuheshimiwa hivi? (Mimi nilimheshimu kwa waya uliofungwa kwenye kijiti kikavu, nikamaliza chaji kwanza. Nanyi mheshimuni hivyo.)

Tena ina siri. Thamani yake imeandikwa kwa mistari ya rangi: njano, zambarau, chungwa. Ilipoungua, mistari yote ikawa nyeusi, na kwa kanuni ya rangi nyeusi ni sifuri. Mita nayo ikasema upinzani hauna mwisho. Kati ya sifuri na milele ningechagua nini, kama si ndugu zake saba waliotoboa siri?

Sasa sifa kubwa zaidi: inatembeza. Mimi mwalimu mstaafu, miguu ilishazoea kibaraza. Resista ikaninyanyua. Maduka yote ya Mbinga yana chaja za simu na taa za sola. Ya kwangu wakaiangalia kama jino la mamba. Nikapanda gari hadi Songea, kilomita kama 100. Kule kijana akanipa kipande cheupe cha simenti, kizito, cha kupendeza, kimeandikwa 47.

"Mwanangu, hii ni omu 47. Mimi nataka 47,000."

"Mzee wangu, zimepungua sifuri tatu tu. Na sifuri si kitu."

Kwa zile volti 312, sifuri hizo tatu ambazo si kitu zingedai wati zaidi ya 2,000: pasi mbili za nguo ndani ya kitu cha kuficha kiganjani. Georg Ohm, mwalimu mwenzangu, aliyechapisha kitabu chake cha hesabu hizi mwaka 1827, nadhani aligeuka kaburini. Nilimshukuru kijana, nikarudi na mabegi yangu matupu. Kariakoo walisema zipo, niagize kuanzia mia moja.

Aliyeniokoa ni fundi redio wa sokoni, mwenye kopo la Blue Band lililojaa vipande vya televisheni zilizokufa. Akamwaga mezani, tukachambua kama mchele: njano, zambarau, nyekundu. Hizo ni za omu 4,700, za nusu wati, vijiti vyembamba visivyo na jina. Tukapata kumi, tukaziunga mkia kwa kichwa. Jumla 47,000. Kila moja inabeba volti 31 na joto la wati 0.2, haitoki hata jasho. Wamatengo tunaiita ngokela: shamba lililomshinda mmoja, jirani kumi wanalilima asubuhi moja. Tofauti ni kwamba hizi hazikudai pombe.

Jioni ile nikawasha. Wati 600 badala ya 100 za redio peke yake. Kwenye sindano ya mpokeaji, nyongeza hiyo ni alama moja na kitu. Nikamwita rafiki yangu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, nikamsimulia msiba wa wiki tano, Songea, kopo na yote.

Akanipa pole. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, amplifaya ilikuwa imeharibika lini, maana yeye alikuwa akinisikia vizuri tu.