Mgeni Mkazi

Risiti iko hapa mezani. Ina jina langu, na jina la babu yangu wa Vurra, na mbele yake kwa herufi kubwa: MGENI MKAZI. Juzi, kando ya Nile katika Hifadhi ya Murchison, Uganda, kijana wa kukata tiketi za boti, wa rika la kitinda mimba wangu, alinivua uraia bila kuinuka kitini.

Tulikuwa watatu. Mpwa wangu aishiye London alikuwa amelipia hukohuko kabla ya kupanda ndege. Shemeji, kaka wa mke wangu, alitoka Aru, ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Kongo. Mimi nilisema nitalipa nikifika, kwani bei nazijua.

Bei hizo zina safu tatu. Mgeni wa kutoka nje hulipa dola nyingi. Mgeni anayeishi nchini hulipa dola pungufu. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa shilingi, tena za kubebeka. Boti ni hiyohiyo, viboko ni haohao, na mto unaobanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 kabla ya kuporomoka zaidi ya mita 40 haumnyunyizii mtu maji kwa kufuata safu yake. Utaratibu huu nimeutetea matangani na harusini. Hata meli kubwa za starehe, zile zenye mabwawa ya kuogelea, zinao, ila kwa adabu zaidi. Chumba kimoja, wiki moja, bahari moja: Mmarekani ana bei yake, Mwingereza yake, Mwaustralia yake. Ukisema ununue kwa wakala wa nchi yenye nafuu, utakuta kampuni nyingine zimemkataza kumuuzia asiyeishi huko. Na bei yenyewe haibebi vitu vilevile kila mahali. Marekani walizoea kutangaza tarakimu ndogo, ada za bandari zikajitokeza mwishoni, baba akiwa ameshawaahidi watoto, mpaka sheria ya California ilipotaka kuanzia Julai 1, 2024 ada za lazima zionekane tangu mwanzo. Uingereza sheria inalinda pesa ya mnunuzi wa kifurushi cha safari endapo kampuni itafilisika, na ulinzi huo hauji bure. Mpwa wangu alikuwa amewalipa wote: wakala wa kwao, wakala wa Kampala, na benki iliyogeuza pauni kuwa dola. Nilimcheka kutoka daraja la Pakwach hadi getini.

Dirishani mpwa alionyesha simu, akapita. Shemeji akatoa kadi ya mpiga kura, ambayo kwao Kongo ndiyo kitambulisho, akasalimu kwa Kilingala. Kijana akatazama orodha ukutani. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Akapita kwa shilingi.

Mimi nikasalimiwa kwa Kiganda. Nikajibu kwa Kiswahili.

"Mzee, umetoka Kongo?"

"Nimetoka Vurra."

"Hiyo ni Kongo ya wapi?"

Nikampa kitambulisho cha taifa. Kilitolewa 2015, kwa miaka 10.

"Hiki kimekufa, mzee."

Nikamweleza kwamba serikali imesema vya zamani vitumike huku tukingoja vipya. Akafikiri, tena kwa moyo safi, hilo simnyimi. Kisha akatoa hukumu: kadi iliyokufa haithibitishi kuwa mimi ni Mganda, lakini kijiji na wilaya zilizoandikwa nyuma yake zinathibitisha kuwa ninaishi Uganda. Basi, safu ya katikati.

Safu ya katikati ni dola. Nilikuwa na noti ya dola niliyoipata kwa vijana wa kubadilisha pesa mpakani Vurra. Wakinunua, wanaianika juani na kuutafuta mwaka wake kwa ukucha. Wakiuza, wanatazama mawingu. Noti iliyochapwa kabla ya 2006 ni ya kubembelezea, na yenye mchaniko mdogo, ukivukia Kongo, hainunui hata chumvi. Marekani wenyewe bado wanazitambua noti walizotoa tangu 1861. Sisi ndio tumezipangia umri wa kustaafu. Yangu ilikuwa ya 2003. Shemeji, ambaye ng'ombe wa dada yake sijamaliza kuwatoa, akanilipia.

Boti ikaondoka. Mpaka unaonitenga na shemeji unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji: tone likiangukia mashariki linashuka Nile kuelekea Misri, likiangukia magharibi linafuata mito ya Kongo hadi Atlantiki. Kwa maji, ni mpaka wa haki. Watu hawakuulizwa. Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi yetu mwaka 1894, akafa 1909, mwaka uliofuata tukawa Sudani, na 1914 tukatiwa Uganda. Wazee wetu walibadilishiwa nchi wakiwa wamesimama katika mashamba yao, na sisi Walugbara tukabaki pande zote mbili. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, mtu wa kwetu West Nile akifungua mdomo Kampala bila Kiganda bado anaulizwa alivuka lini. Hilo nimelicheka na wenzangu tangu ujana, na sasa nimechoka kulicheka.

Wala dirisha lile si la kwanza. Dar es Salaam, kwenye feri ya Unguja, karani alinitajia dola kabla sijamaliza salamu. Entebbe nilipewa fomu ya wageni.

Mpwa anataka mwakani twende kwenye meli za Mediterania. Amepiga hesabu, anasema tukikata tiketi kwa anwani ya shemeji huenda tukapata nafuu.