Mia Iliyopotea Alunguli

Mbuzi, Kanga na Bata walishuka bandarini Kindu na vikapu vya mchele, wakitaka kuvuka Lualaba kwenda Alunguli. Mwenye mtumbwi alikuwa Mzee Mamba. Mpokea nauli, Nyani. Kila msafiri akatoa faranga 1000. Mamba alipoona vikapu vyenyewe ni vyepesi, akamwambia Nyani: "Nauli yao wote ni 2500. Warudishie 500."

Kutoka nyuma ya mtumbwi hadi mbele ni hatua chache, lakini zilimtosha Nyani kuwaza. Mia tano kwa watu watatu haigawanyiki sawasawa. Akatia 200 shavuni, akawapa mia mia.

Walipofika ng'ambo, Bata akaliona shavu. "Ndugu Nyani, mbona umevimba?"

Nyani hakukana. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika ubavuni mwa mtumbwi. "Kila mmoja wenu amelipa 900. Mara tatu, 2700. Mimi ninazo 200, sifichi. Jumla 2900. Nanyi mlitoa 3000. Haya, semeni: mia moja iko wapi?"

Wakakagua. 900 mara tatu ni 2700, kweli. 2700 na 200 ni 2900, kweli. Utamu wa hesabu ya uongo ndio huo: kila mstari ni wa haki, na hakuna anayeuliza ile alama ya kujumlisha imeletwa na nani. Mbuzi akamtazama Kanga, Kanga akamtazama Bata. Jua la saa sita liliwakuta wakipekuana vikapu.

Shefu Fisi akaunda kamati ya kuitafuta mia. Uenyekiti akapewa Nyani, maana ndiye mjuzi wa hesabu.

Kobe akaja, kachelewa kama kawaida yake. "Wakubwa, zile 200 zimo humo humo ndani ya 2700. Mzee Mamba ana 2500, Nyani ana 200, basi. Mkiziongeza tena mnalihesabu shavu moja mara mbili. Za kuongeza ni 300 walizorudishiwa wenyewe, na hapo 3000 inatimia. Hakuna mia iliyopotea. Kuna mia mbili zilizoibwa."

Nyani akatafuna taratibu, kisha akaeleza kwamba kamati haikuundwa kutafuta mia mbili.

Kobe akatozwa faranga 100 kwa kuidharau kamati. Ile mia ikawa imepatikana, na kesi ikafungwa siku hiyo hiyo.