Mara Tatu Ni Mara Ishirini na Saba

Kuna imani moja ambayo haijawahi kuhubiriwa kanisani wala msikitini, lakini waumini wake wapo kila mtaa: kwamba kitu kizuri kikiongezwa ukubwa, uzuri nao utaongezeka. Ndiyo imani iliyotuletea spika za harusini zinazotikisa madirisha ya jirani wa tatu. Ndiyo pia inayowapata waunda roketi za mfano. Roketi yenyewe ya asili haina makuu: bomba la karatasi ngumu la sentimita 30 hivi, pua ya plastiki, mapezi matatu, injini ya baruti isiyozidi kidole gumba, na parachuti iliyokunjwa ndani. Ukoo wake unarudi hadi mwaka 1954, kwa muuza viatu wa Nebraska, Marekani, aitwaye Orville Carlisle. Ikipewa injini nzuri hupanda mita 300 na ushei, ikafungua parachuti, ikarudi ikiwa nzima. Kisha mwenye nayo anaitazama pale mezani, anakuna kidevu, anajiuliza: na nikiijenga mara tatu ya hii? Mimi nasema swali hilo lijibiwe kwa kalamu kabla ya msumeno, na kwamba kwa mkazi wa Moshi na vijiji vya mlimani jibu la kalamu ni chungu zaidi kuliko kwingine.

Hesabu yake ni ya darasani, na Galileo alikwisha kuichapisha mwaka 1638. Urefu ukizidishwa kwa 3, eneo huzidishwa kwa 9 na ujazo kwa 27. Roketi ya gramu 30 inakuwa ya gramu 810, uzito wa kuku mdogo wa kienyeji aliyekwisha nyonyolewa, na hakuna anayependa kuku wa namna hiyo amwangukie kutoka mita 300. Uzi unaoishikilia pua isipotee hewani umenenepa mara 9 lakini unabeba mzigo wa mara 27, kwa hiyo unavutwa mara tatu zaidi kuliko ule wa awali. Hapo ndipo pua inapoaga. Lakini kinachoumbua zaidi ni parachuti. Ile ndogo ilikuwa na upana wa sentimita 30, na mkuzaji mwaminifu atashona ya sentimita 90, kwa kuwa mara tatu ni mara tatu. Kumbe ili roketi ishuke kwa mwendo uleule wa zamani, parachuti inatakiwa iongezwe eneo mara 27, na hilo ni duara lenye upana unaozidi mita moja na nusu. Kanga nzima haifiki. Atazunguka soko la Memorial na Kiboriloni akipekua mitumba ya mahema na makoti ya mvua, na akishapata kitambaa cha kutosha atagundua kuwa koti la mvua ni nene kuliko nailoni ya parachuti: likikunjwa, haliingii kwenye bomba alilokwisha kulikata.

Hapo atatokea mtu mwenye jina la Steve Eves mdomoni. Ni kweli. Tarehe 25 Aprili 2009, huko Maryland, Marekani, Eves alirusha mfano wa Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Ulikuwa na urefu wa mita 11, uzito wa kilo 750 hivi na injini tisa. Ukapanda mita 1,350 na kurudi salama kwa parachuti. Nampongeza bila hiana, ila nakumbusha kwamba Eves hakukuza kitu, alipunguza. Halafu tugawanye. Roketi ya karatasi hupanda karibu mara 1,000 ya urefu wake. Ile ya Eves ilipanda mara 120 na kidogo. Tuilete nyumbani. Moshi iko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtambo ule ungerushwa kutoka mjini ungefika mita 2,200. Umepita lango la Marangu, haujafika kambi ya Mandara. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, mwenye mzigo wa kilo 20 kichwani hukipita kimo hicho siku ya kwanza ya safari, akafika kambini kuwachemshia wageni chai, na kesho yake akaendelea Horombo. Huyo hatumii baruti. Anatumia ugali.

Sasa mpinzani makini atauliza: mbona roketi kubwa zipo na zinaruka? Zipo, na mojawapo ilirukia hapa jirani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco la Waitalia, baharini karibu na Malindi, ikapeleka angani setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Lakini Scout haikuwa kitu kidogo kilichovimba. Ilikuwa roketi nne za ukubwa tofauti zilizobebana, kila moja ikimaliza zamu yake inatupwa, kwa sababu waliolipiga hesabu jambo hilo walijua kuwa mwili mmoja mkubwa hujichosha kwa kujibeba wenyewe. Vilivyotupwa viliangukia Bahari ya Hindi, ambayo haina mwenyekiti wa kijiji. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilijaribu njia nyingine huko Shaba, Zaire: badala ya kukuza bomba moja, yafungwe pamoja mabomba mengi yanayofanana. Wazo zuri. Majaribio mawili ya kwanza, mwaka 1977 na 1978, yalikwenda vyema, na kwa sababu hiyo kwenye la tatu, Juni 1978, alialikwa Rais Mobutu atazame. Roketi ikapanda, ikapinda, ikaangukia bondeni. Mabomba mengi maana yake ni vali nyingi, na vali moja ikigoma, zile nyingine zinazotii ndizo zinazoipeleka roketi upogo.

Watetezi wa hapa kwetu, wakibanwa, huhamia kwenye maji. Chupa ya soda ya lita 1.5, maji theluthi moja, kizibo chenye vali ya tairi, pampu ya baiskeli. Hii inaruka kweli, inafundisha sheria ya tatu ya Newton vizuri kuliko ubao, na ajali yake ya kawaida ni mpiga pampu kulowa hadi soksi pale kizibo kinapochomoka kabla hajasogea. Ndipo mkuzaji anapoliona dumu la maji ya kunywa la lita 20 limekaa tu kona ya ofisi. Ujazo umeongezeka zaidi ya mara 13, kwa hiyo aliyepiga pampu mara 30 sasa ajiandae kwa mara 400, na pampu ya baiskeli itamshinda kabla ya hapo au itaungua mpira. Hilo ni dogo. Chupa ya soda imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Dumu la maji limetengenezwa kukaa juu ya mashine na kutulia. Na kwa presha ileile, chombo chenye upana mara tatu kinahitaji ukuta mnene mara tatu, ukuta ambao dumu halina. Hapa naweka utani kando: dumu la namna hiyo haliruki, linapasuka, na watoto waliopewa zamu ya pampu ndio walio karibu nalo. Lisiguswe.

Ajabu ni kwamba mlima wenyewe unajua kukuza, na mtu angeweza kwenda kusoma kwake. Ukipanda juu ya mita 3,500 unakutana na misenesio, mimea mirefu kumzidi mtu mara mbili au tatu, ambayo ndugu zake wa Ulaya ni magugu ya bustanini yanayong'olewa kwa vidole viwili. Lakini gugu halikuvutwa tu juu. Shina limekuwa la mti na lina maji ndani yake, majani yaliyokufa hayadondoki bali hulivika shina koti dhidi ya baridi, na yale mabichi hujifunga usiku kulinda kichipukizi. Karibu kila kiungo kimebadilishwa kazi. Mkuzaji wa roketi angefanya hivyo tusingekuwa na ugomvi, ila wengi wao hubadilisha rangi.

Mpinzani wangu wa mwisho ndiye ninayemheshimu. Anasema: roketi ndogo hupotea machoni kwa sekunde moja, na watu wanabaki wameshika shingo wakiulizana imekwenda wapi, kubwa huondoka polepole, ina moshi, ina ngurumo, inaonekana. Amepatia. Kwa upande wa macho, kubwa inalipa. Ila hapo hatuzungumzii tena kuruka, tunazungumzia shughuli, na shughuli ina masharti yake. Mchana, miteremko ikishapata joto, hewa hupanda kutoka tambarare kuelekea mlimani. Parachuti inayoshuka mita 5 kwa sekunde kutoka mita 1,350 hukaa hewani dakika nne na nusu, na upepo wa mwendo huohuo utakuwa umeisogeza zaidi ya kilomita moja, upande wa Uru au Kibosho, kwenye kihamba cha mtu chenye migomba juu, kahawa chini na grevilea mpakani. Ukisema basi turushie tambarare, kule kuna miwa ya TPC. Na kokote uendako kuna ndege za KIA na uwanja mdogo wa Moshi, kwa hiyo barua iende kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na nyingine polisi, ambao wakisikia neno baruti hawataanza kwa kuuliza kipimo cha mapezi.

Kama ni shughuli, basi wakati wake ni mwishoni mwa Desemba, ndugu wote wakiwa wamepanda kutoka Dar es Salaam na watazamaji hawahitaji nauli. Iundwe kamati kama ya harusi, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, kadi za michango zisambazwe mapema, na urushaji uwe asubuhi kabla upepo haujaamka na kabla mbege haijafunguliwa. Bajeti ianze na fidia ya migomba, iendelee na parachuti. Rangi iandikwe mwisho, pamoja na zile ahadi ambazo mhazini anajua hazitalipwa.