Posa ya Julai

Mtu wa Tanga akisema kuna baridi, maana yake feni imewekwa namba tatu. Nilipompigia mama mkwe kumweleza kwamba Njombe mwezi wa Julai si mahali pa kuja na dera na ndara, alinijibu kwa ule upole anaowawekea watoto na wakwe: "Baba, baridi tunaijua. Hata huku kipupwe kimeingia. Asubuhi najifunga kanga mbili."

Sikubishana. Kipupwe cha Tanga kikijitutumua kwa nguvu zake zote kinaishia kwenye nyuzi 20 hivi, na mtu bado anaoga maji ya bomba. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai nyuzi huku unaweza kuzihesabu kwa vidole, na ukipanda zaidi kuelekea Makete unaamka asubuhi ukute sakitu imeyababua majani ya viazi. Huku ndiko shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikokuja kuposa. Binti wa Kibena walisoma naye chuo. Mambo ya dini wazee walikwishayamaliza kwa simu, hayamo katika kisa hiki. Kilichobaki kilikuwa mahari, na mavazi.

Msafara ulikuwa wa watu watatu: mama mkwe, mjomba aliyepewa ushenga, na bwana harusi mtarajiwa. Basi lilipoanza kupanda Kitonga mama mkwe alifungua begi akatoa kanga ya kwanza. Mafinga akatoa ya pili. Makambako, mji ambao upepo wake una jeuri ya mwenye nyumba, waliposhuka kubadili gari, shemeji aligundua kwamba ile jinzi iliyochanwa magotini kwa makusudi haikuwa mtindo tena, ilikuwa madirisha. Walifika kwangu saa mbili usiku. Nilipofungua mlango mjomba hakuitika salamu, alipita moja kwa moja hadi jikoni akakaa.

Usiku huo huo mama mkwe aliomba jiko la mkaa liingizwe chumbani kwake. Nikakataa. Kumkatalia mama mkwe nyumbani kwako siku ya kwanza ni jambo linaloweza kukufuata miaka, lakini mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala nayo wasiamke. Mke wangu alisuluhisha kwa kumjazia maji ya moto kwenye chupa, akaikaza kifuniko, akaivingirisha kitenge na kuiweka miguuni. Asubuhi mama mkwe alikiri amelala. Hakukiri kwamba nilikuwa na haki.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa mama mmoja mwenye kibanda cha mitumba sokoni, na mke wangu aliamua yeye ndiye atakayemvisha mdogo wake. Tukaenda wote. Jirani alimpokea mama mkwe kwa "Kamwene!", mama mkwe akaitika "Marahaba" kwa kuwa salamu yoyote inayotoka kwa mtu mdogo kwake ni shikamoo, na urafiki ukaanza hapo.

Yule mama anaijua baridi kama biashara. Alimtazama shemeji kuanzia moka zake zilizochongoka hadi shingoni, akasema: "Mdogo wangu, nguo haina moto. Moto unao wewe. Kazi ya nguo ni kuuzuia usitoroke." Akaeleza kwamba kinachotunza joto ni hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo, ndiyo maana mbili nyepesi zilizoachana hushinda moja nzito, na tatu zilizobanana hazina faida kwa sababu hewa haina pa kukaa. Nguo ya mwilini iwe nyembamba na iwe inayotoa jasho nje. Pamba hapana, pamba hunywa jasho ikakaa nalo, ukitoka nje inakugeuka. Shemeji akauliza kama jezi itafaa. Itafaa sana, akajibiwa, na hivyo jezi ya Coastal Union, ambayo kijana haiachi nyumbani ingawa timu ilichukua ubingwa wa ligi mara ya mwisho mwaka 1988 yeye hajazaliwa, ikapandishwa cheo.

Kisha sweta. Alikuwa nayo mawili ya kijivu, shingo ya V, kwa macho yangu ni mapacha. Jirani aliligeuza la kwanza, akachomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, akauwasha kiberiti. Uzi ulinywea ukawa kitone kigumu cheusi, harufu ya plastiki. "Hili la kiwandani tupu." Akachomoa wa pili. Huo haukutaka hata kushika moto. Ulijikunja shingo upande, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, na aliposugua kwa vidole ukabaki unga. "Hii ndiyo sufu. Hii inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake na wewe usihisi umelowa." Mama mkwe aliunusa ule unga, akamtazama mwanawe, akasema, "Chukua hili." Bei ilipotajwa akasema hata lile la kwanza si baya.

Juu ya yote jirani akaangusha kutoka kwenye enga koti refu la sufu, rangi ya kahawia iliyoiva, bitana nzima, mabega yamesimama. Ukweli ni kwamba lilikuwa koti zuri kuliko nguo yoyote niliyonayo. Sweta peke yake, alisema, upepo wa huku unapita katikati ya nyuzi zake bila kubisha hodi. Lazima nje kuwe na kitu kilichofumwa kwa kubana. Akaonyesha baibui la mama mkwe. "Kama bibi hapa. Yeye amejipanga vizuri kuwashinda nyote." Na kweli: kanga zake mbili ndani zilikuwa zinashika hewa, baibui lake jeusi lilikuwa linakata upepo, na mwanamke wa miaka sabini kutoka Chumbageni, Tanga, alikuwa anatembea sokoni Njombe bila kutetemeka, mimi nikiwa nimekunja mabega.

Shemeji alilijaribu lile koti, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka pembeni, akalivua. "Shem, nitaonekana balozi wa nyumba kumi."

Dada yake alimwambia alichukue. Mjomba alimwambia alichukue. Alikuwa na suti yake ya bluu ya kubana, alishonewa Dar es Salaam kwa ajili ya siku hiyo, na hakuna aliyeweza kumbandua. Hata sweta la sufu alilinunua kwa kuwa mama alikuwa ametoa pesa, akaliacha kitandani kwa sababu suti ilikuwa haiingii juu yake.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye madirisha. Shemeji alitoka chumbani akiwa na suti, na kwa nje, nikubali, alipendeza. Ndani ilikuwa habari nyingine. Kwa kuwa sweta lilimkataa, alikuwa amejaza pengo: jezi, juu yake fulana mbili za pamba, juu yake shati jeupe. Chini ya suruali alivaa taiti ya dada yake. Miguuni soksi nzito jozi mbili ndani ya moka zile zile, na baada ya nusu saa akaanza kulalamika kwamba havisikii vidole. Bila shaka, soksi zikibanwa na kiatu hewa inaondoka, na damu nayo haipiti inavyotaka. Mke wangu alimwambia atoe jozi moja. Akasema wakati hautoshi.

Mama mkwe akamwita uani. Tulipotoka alikuwa anamfunga kanga kiunoni juu ya shati, kutoka chini ya kifua hadi nyonga, akiikaza kwa goti. Tumbo la mwanamume, alitueleza, likiingiwa na baridi siku ya posa hawezi kuzungumza. "Koti si atalifunga? Nani ataona?" Koti lilifungwa. Kifungo kimoja, watu wawili.

Mimi baridi ya nyanda za juu imenifundisha jambo moja, na wageni wengi hawalijui: shida haipo kwenye kuvaa, ipo kwenye kuvua. Huku unatoka nje kwenye ukungu, unaingia sebule yenye watu ishirini, madirisha yamefungwa na jiko linawaka mlangoni, na baada ya dakika kumi unakuwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila nguo uliyovaa lazima iwe ya kuonekana. Uvue koti ubaki na sweta la heshima, uvue sweta ubaki na shati la heshima. Anayeficha aibu katika tabaka la pili amejifunga mwenyewe humo ndani.

Sebule ya wakwe ilikuwa na watu ishirini na zaidi. Viazi vya kuchemsha, mahindi, na chai ya Njombe inayoshuka ikiwa imeiva barabara. Shemeji aliingia akamwendea bibi wa binti, ajuza mdogo aliyevishwa sweta, mtandio na kitenge hadi kidevuni, akainama kumwamkia. Tukasikia kitu kimegonga kabati la vyombo. Kilikuwa kifungo.

Alikaa akilishika koti kwa mkono wa kulia. Mjomba alianza maneno yake mazuri ya ushenga, tumeona ua katika bustani yenu, na kadhalika, huku mimi nikimtazama mposaji anavyobadilika rangi. Jasho lilianzia kwenye nywele. Baba wa binti, kwa ukarimu, akamwambia: "Vua koti, bwana, hapa ni nyumbani." Akashukuru. Akaambiwa tena. Akashukuru tena. Mara ya tatu nikaona upande ule wanaanza kutazamana. Kijana wa pwani ana maringo.

Binti aliingia na chai. Nitasema machache, ni shemeji yangu sasa: blauzi nyeusi ya shingo ndefu iliyokaa mwilini, gauni la kitenge juu yake, kizibao cha sufu kisichofungwa, mtandio begani. Hakuna kilichombana, hakuna kilichompwaya, na kizibao alikivua mlangoni bila mtu kugundua. Alimpa bibi kikombe cha kwanza, bibi naye akakinyanyua kumkaribisha mgeni kwa mkono wake mwenyewe.

Kikombe kutoka kwa ajuza hakipokelewi kwa mkono mmoja. Shemeji alitoa wa kulia, akauegemeza wa kushoto. Koti likafunguka.

Baba mdogo wa binti ni mwalimu mstaafu, na mwalimu akiona maandishi huyasoma kwa sauti. "SINA MALI," akasoma.

Ukimya uliofuata ulisikika mpaka jikoni. Mjomba alikuwa amefika kwenye habari ya ng'ombe.

"Mshenga," akasema mwalimu, "sisi tulikuwa tunasubiri mtaje uwezo wenu. Naona mmeuandika."

Wakacheka wanawake kwanza, halafu nyumba nzima. Mke wangu alijifunika uso na mtandio. Faini ikatangazwa, elfu ishirini, kwa kuwavunja wakwe moyo kabla ya mazungumzo. Hapo mama mkwe akasimama, baibui likimfuata, akamwendea mwanawe, akamgeuza mgongo mbele ya wote na kulipandisha koti. "Mwalimu, ungesoma mpaka mwisho." Nyuma, juu ya suruali, maneno yalimalizika: NINA WATU.

Mwalimu alivaa miwani, akasogea, akahakikisha. "Vizuri," akasema. "Basi watu wake walipe."

Nikalipa.

Shemeji aliomba ruhusa akatoka barazani kupunguza nguo. Lilikuwa wazo baya kwa wakati wake. Zile fulana mbili za pamba zilikuwa zimelowa chapachapa, na upepo ulikuwa unamngoja nje tangu asubuhi. Aliporudi meno yalikuwa yanagongana kiasi kwamba mjomba alilazimika kumjibia hata jina lake. Kaka wa binti aliingia chumbani akatoka na koti la babu yao, jeusi, zito, linafika chini ya magoti, wakamvika. Bibi aliishika ile kanga iliyofunguliwa, akaipapasa, akaifunga kiunoni juu ya sweta lake, mbele SINA MALI, na mazungumzo yakaendelea.

Karatasi ya mahari ninayo mimi, mweka hazina. Ng'ombe walipunguzwa. Blanketi la bibi limebaki palepale. Mstari wa makoti umefutwa na kuandikwa upya kwa mkono wa mwalimu: makoti ya sufu mawili, moja la babu kama desturi, la pili badala ya lile aliloondoka nalo mkwe. Mama mkwe amerudi Tanga na anapiga simu kila Ijumaa kusema kwamba la pili hatulipi mpaka kanga yake irudi, na ile ilikuwa doti mpya. Nilipomfikishia ujumbe mwalimu alisema ataufikisha kwa bibi, ila nisitegemee sana kabla ya Oktoba.