Mjomba, Wameipunguza Makali

Bunduki niliyoinunua kwenye simu ilikuwa ya mitutu miwili, imechorwa joka la dhahabu kuanzia kitako hadi mdomoni, na kwa karibu msimu mzima iliniheshimisha. Mpwa wangu ndiye aliyenishawishi. Aliniambia bila kupepesa macho kwamba bila bunduki ile mimi kwenye skwadi ni mzigo, na kwamba wenzake wananivumilia kwa ajili ya undugu tu. Basi nikatuma hela kwa simu, hela ikawa almasi, almasi zikawa joka. Mke wangu asisome hapa.

Kisha ikaja apdeti. Wasiocheza hawaujui uchungu wake: apdeti inayokuja kuiharibu bunduki yako unaipakua wewe mwenyewe, kwa bando lako. Zaidi ya gigabaiti moja. Ukikataa, gemu haifunguki. Yaani mtu anakuja kukunyang'anya, na nauli ya kuja unamlipia wewe.

Mimi maelezo ya apdeti sisomi, nani anayasoma? Niliingia uwanjani nikajibanza nyuma ya mlango wa nyumba ya ghorofa, mahali nilipozoea kuwasubiri wageni. Akaja mmoja. Nikamtandika mtutu wa kwanza, nikamtandika wa pili. Zamani hapo ungekuta buti peke yake. Safari hii jamaa aligeuka taratibu, akanitazama, akacheza ngoma kidogo kwa madaha, ndipo akanimaliza. Wakati huohuo sauti ikatoka jikoni: "Baba Zuhura, maji ya kuoga yanapoa!" Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi. Pakapita kimya kifupi, halafu kwenye spika ikaja sauti ya mtoto, nyembamba, imejaa adabu za nyumbani kwao: "Shikamoo, Baba Zuhura." Nami, maiti pale sakafuni, nikajikuta nimeitikia: "Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, wameipunguza makali," mpwa wangu akaniambia baadaye, kwa sauti ya mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba. Yeye alikuwa ameshahamia bunduki nyingine. Nayo, kwa bahati tu, ilikuwa imeingia dukani wiki ileile.

Nisieleweke vibaya. Kupunguza makali kwenyewe sikupingi. Silaha moja ikizidi zote, kila mtu hubeba hiyohiyo, nyingine zinageuka mapambo, na mgeni aliyeingia leo anauawa kabla hajakijua kitufe cha kuruka. Keshokutwa mgeni huyo anaifuta gemu, na wakongwe tunabaki kuwindana sisi kwa sisi. Bunduki yangu ilikuwa dhuluma, nakubali, na niliifurahia sana dhuluma hiyo. Ugomvi wangu uko kwenye hesabu. Umeniuzia pikipiki, asubuhi naamka naikuta ni baiskeli, na juu ya kiti umebandika karatasi kwamba umefanya hivyo ili waendao kwa miguu nao wajisikie vizuri. Haya, wajisikie. Pesa yangu je?

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Walijibu upesi mno kwa binadamu: wananishukuru kwa uaminifu wangu, na kama shukrani wananipa punguzo la bei kwenye bunduki mpya.

Wapo wanaopandwa na hasira zaidi yangu. Julai 2013, kwenye Call of Duty: Black Ops II, bunduki ya kudungulia inayoitwa DSR 50 ilicheleweshwa kidogo: muda wake wa kufyatua ukatoka sekunde 0.2 ukawa sekunde 0.4. David Vonderhaar, aliyekuwa akisimamia usanifu wa gemu hiyo, akatumiwa vitisho vya kuuawa, na familia yake ikaingizwa humo humo. Kwa sehemu mbili za kumi za sekunde! Mimi sikumtishia mtu. Niligombana na feni tu.

Rahisi ni pale silaha ilipotolewa bure. Desemba 2018 Fortnite waliweka upanga uliompa aliyeupata nguvu za kupindukia. Kelele zikapigwa, siku chache baadaye wakauondoa na kukiri kwamba wamevuruga. Hakuna aliyedai kitu, maana hakuna aliyekuwa ameununua. Ugumu unaanza palipo na jasho la mtu, au pochi yake.

Kwa jasho, waliofanya jambo la kiungwana ni Bungie, na gemu yao ya Destiny. Humo mlikuwa na mzinga wa roketi uitwao Gjallarhorn, mkali kiasi kwamba vikundi vingine vilimkataa mlangoni asiyekuwa nao. Kuupata ilikuwa bahati nasibu. Wengine walihangaika miezi na miezi, na waliuona ukiangukia mikononi mwa mtu aliyeingia juzi. Mwaka 2015 Bungie wakatangaza mapema kwamba wataupunguza. Kabla ya siku yenyewe, mwezi Agosti, Xûr, mchuuzi wa ndani ya gemu anayekuja wikendi na bidhaa zisizotabirika, akaja nao kapuni. Kila aliyekuwa na akiba ya kutosha akaununua, akafyatua wiki chache, akaonja walichokuwa wakijivunia wenzake. Kisha ukapunguzwa. Hapo mimi sioni pa kunung'unika: umeambiwa, umekula, sahani imeondolewa mezani mbele ya macho yako.

Kwa pochi, mfano wangu ni Hearthstone, gemu ya karata ya Blizzard. Karata ya daraja la juu kabisa unaiunda kwa vumbi, sarafu ya humo, 1,600; siku za kawaida ukiivunja unarudishiwa 400. Lakini wakiipunguza nguvu, kwa wiki mbili ukiivunja unapewa 1,600 zako zote. Huandiki barua, humlilii mtu. Utaratibu wenyewe haujakamilika: karata nyingine ulizozikusanya ili zisaidiane na ile moja zinabaki kwenye bei ya robo au chini yake, na zote sasa hazina kazi. Hata hivyo nusu ya haki ni kubwa kuliko kuponi ya bunduki mpya.

Nina shaka nisiyoweza kuithibitisha, kwamba silaha mpya hutoka kali makusudi, ikauzwa, na msasa ukapigwa baada ya mauzo kupoa. Mpwa wangu anasema hayo ni maneno ya wazee. Bunduki yake mpya, naona, imeanza kuwakosa watu.

Ninachowaomba wenye gemu hakihitaji mahakama. Semeni mapema kwamba mtaigusa silaha. Kama mliiuza, mwacheni mwenye nayo achague kubaki nayo au kurudishiwa almasi zake. Na kabla ya kuikata iliyo kali, jaribuni kuzinoa zile butu, maana huko hakuna wa kulia. Najua jibu lenu: mkirudishia kila mtu mtafilisika. Hearthstone ilitoka mwaka 2014, bado inachezwa, na Blizzard hatujawaona wakitembeza bakuli.