Sifa za Nywele Timutimu

Katika fasihi ya Wayunani wa kale palikuwa na utanzu wa hotuba ambamo msemaji hodari alichagua kitu duni, chenye kero au kisicho na mtetezi, kisha akakisifu kwa mbwembwe ambazo kwa kawaida hutengewa wafalme na mashujaa. Kichwa cha mwanamume kilipata bahati ya kusifiwa mara mbili kwa namna hiyo: Dio Chrysostom alitunga sifa za nywele, na karne kadhaa baadaye Synesius, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, akamjibu kwa kuusifu upara, na ni ndani ya jibu hilo ndimo maneno ya Dio yalimohifadhiwa. Hivyo nywele nzuri zina wakili wake na upara una wake. Zilizobaki bila wakili ni zile ambazo si za singa, zinazolala chini kwa utulivu, wala si za kipilipili, zinazojikunja karibu na ngozi na kukaa papo hapo, bali ni za mawimbi, kavu, zenye kutimka kila upande, ambazo huitwa timutimu. Wanaume wengi wa Lamu, Mombasa, Unguja na Maskati wamejaliwa nazo, na zikitajwa barazani hutajwa kwa lawama tu.

Wanaozilaumu hudhani kwamba ukaidi wake ni tabia mbaya, ilhali chanzo chake ni umbo. Kila unywele huota kutoka katika kitundu kilichozama ngozini. Kitundu kikiwa kimenyooka na cha mviringo, unywele hutoka umenyooka, lakini kikiwa kimepinda na chenye umbo la kubanwa pande mbili, unywele nao hutoka umebanwa na kupinda. Kando ya kitundu hicho kuna tezi ndogo inayotoa mafuta ya asili, ambayo kwenye unywele ulionyooka huteremka bila shida hadi nchani, lakini kwenye unywele wa mawimbi hukwama mapema njiani. Ndiyo maana mwanamume mmoja anaweza kuwa na ngozi ya kichwa yenye mafuta tele na ncha za nywele zilizokauka kabisa, hali ambayo ikitokea katika nchi huitwa mgawanyo mbaya wa mapato na serikali hulaumiwa, lakini ikitokea kichwani huitwa uvivu wa kujitunza na anayelaumiwa ni raia.

Fadhila ya kwanza ya nywele hizi, ambayo peke yake ingetosha kuzipatia heshima, ni ukweli wake. Unywele umejengwa kwa keratini, yaani ile protini ngumu inayounda pia kucha na pembe, na nyuzi za keratini hushikamana kwa vifungo vya namna mbalimbali, ambavyo viwili kati yake vinahusika hapa: vya salfa, vilivyo imara, na vya haidrojeni, vilivyo dhaifu, ambavyo huachia maji yanapoingia na kushikana upya maji yanapotoka. Kwa sababu hiyo unywele hurefuka hewa inapokuwa na unyevu na hufupika hewa inapokauka, na kati ya hewa kavu kabisa na hewa iliyoshiba maji urefu wake huongezeka kwa takriban asilimia 2. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alichapisha kitabu juu ya upimaji wa unyevu, akieleza chombo ambacho kiini chake ni unywele wa binadamu uliovutwa na kuunganishwa na mshale, na vyombo vya namna hiyo viliendelea kutumika katika vituo vya hali ya hewa hadi karne ya 20. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba kabla ya kuutumia, Saussure aliuchemsha unywele katika maji ya magadi ili autoe mafuta, kwa kuwa unywele uliopakwa mafuta, kama shahidi aliyehongwa, huchelewa kusema. Mwanamume mwenye nywele kavu hahitaji magadi wala kuchemshwa. Wiki chache kabla ya masika, wakati mwenye nywele za singa bado anatazama mawingu na kubishana na majirani, yeye hupata taarifa kamili kwenye kioo cha asubuhi, hata kama taarifa yenyewe hakuiomba na ana harusi ya kuhudhuria.

Fadhila ya pili ni ya kiuchumi, na hapa ushahidi ni mwingi kuliko nafasi iliyopo. Katika karne ya 19 waungwana wa Uingereza waliokuwa na nywele zisizotii walizilaza kwa mafuta yaliyosemekana kutoka Makassar, bandari ya kisiwa cha Sulawesi, na mafuta hayo yalipoanza kuchafua viti, wenye nyumba wakabuni vitambaa vya kutandika migongoni mwa viti, ambavyo kwa Kiingereza bado vina jina la bandari hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika sebule ya Afrika Mashariki, ambamo kila kochi limevikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono na ambacho huanguka kila mgeni anapoegemea, anaweza kukadiria ukubwa wa deni ambalo sanaa ya ufumaji inadaiwa na vichwa vya namna hii. Kuhusu kofia ya Kiswahili, ile inayodariziwa kwa uvumilivu wa wiki nyingi na kutobolewa vitundu vidogo vya kupitisha hewa, ukweli unamlazimu msifu akiri kwamba hakuna ushahidi kuwa ilibuniwa kwa ajili ya nywele timutimu, kwani huvaliwa kwa adabu na kwa dini. Hata hivyo hakuna kichwa kinachoishukuru zaidi, walau mpaka inapovuliwa, ambapo nywele zilizokuwa chini yake husalia na alama ya duara kuzunguka kichwa kizima.

Fadhila ya tatu ni kwamba hufundisha adabu, na mwanafunzi asiyeelewa hurudishwa darasani kila siku. Anayezikosha kila asubuhi kwa sabuni ya kipande huadhibiwa, kwa sababu sabuni ya namna hiyo ina ualikali, yaani ni kinyume cha asidi, nao ualikali huyainua magamba madogo yanayoufunika unywele na kuufanya mkavu na wa kukwaruza. Na akitumia maji ya kisima cha pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa, sabuni na chokaa huungana kuwa utando usiotoka kirahisi. Anayezichana zikiwa kavu kwa kitana cha meno membamba hupata kichwa kilichofura mara mbili ya cha awali. Anayezisugua kwa taulo, kama asuguaye sufuria, hupata jibu linalolingana na kitendo chake. Zinachokubali ni mambo ya upole: kuoshwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa shampuu isiyo kali, kupakwa kondishena, ambayo ni dawa ya kulainisha inayoyalaza yale magamba, kuchanwa kwa chanuo la meno mapana zingali mbichi, kukaushwa kwa kubanwabanwa tu, kisha kupakwa mafuta kidogo kabla hazijakauka kabisa, kwa maana mafuta hayaleti maji bali huyazuia yasitoke. Mafuta ya nazi yanastahili kutajwa kwa jina, kwani watafiti wa India walionyesha mwaka 2003 kwamba hupunguza upotevu wa protini ya nywele, tofauti na mafuta ya madini, ambayo hukaa juu juu. Na kwa kuwa huganda kwenye joto lililo chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, chupa iliyo maji matupu Mombasa hugeuka jiwe ikifika Nairobi mwezi wa Julai, hivyo kwamba hata dawa yake imeambukizwa ukaidi.

Wapo waliokataa upole wakachagua vita. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1960, wanaume wengi Weusi walinyoosha nywele zao kwa mchanganyiko uliotiwa magadi makali yanayounguza, yaani sodiamu haidroksaidi, pamoja na viazi na mayai, na Malcolm X, mtetezi wa haki za Weusi, katika tawasifu yake ya mwaka 1965 aliueleza uchungu wake kichwani na aibu aliyoiona baadaye ndani ya uchungu huo. Dawa ya namna hiyo haishughuliki na vifungo dhaifu vya haidrojeni, bali huvunja vile imara vya salfa, na unywele uliopitiwa nayo haurudi tena ulivyokuwa. Kwa mtazamo wa kijeshi huo ni ushindi kamili, isipokuwa kwamba jeshi jipya linaandaliwa ngozini siku hiyohiyo, nalo halijasikia habari za kushindwa kwa lile la kwanza.

Inabaki hoja ya mashine ya kinyozi, ambayo wenye haraka huiona kuwa mwisho wa mjadala. Ni kweli kwamba nywele za mawimbi zikikatwa fupi sana huonekana zimenyooka, kwa sababu hazina urefu wa kutosha kumaliza pindo hata moja, na kwa wiki kadhaa mwenyewe hutembea akiamini kwamba ametawala. Lakini mashine hukata kilicho juu ya ngozi, na umbo la kitundu liko chini yake, mahali ambapo wembe wa kinyozi haufiki na bei ya kunyoa haihusiki. Unywele huota kwa sentimita moja au zaidi kidogo kila mwezi, na baina ya mwezi wa pili na wa tatu, mara nyingi juu ya masikio kwanza, kwa sababu zisizojulikana na kinyozi wala mteja, pindo la kwanza hujitokeza upande mmoja tu.